Vidole Viwili vya Mwenda wa Bayeke

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, twasoma habari za wana wawili wa Lameki, baba mmoja na mama mbalimbali. Mmoja ni Yubali, baba yao wote wapigao kinubi na filimbi. Wa pili ni Tubal-Kaini, mfua shaba na chuma. Wasomaji wapendwa, sisi tukaao katika nchi hii ya shaba twamjua sana huyo Tubal-Kaini. Toka Likasi hata Kolwezi ni shida kupata nyumba isiyo na mtu aliyechimba, au aliyeyeyusha, au aliyekaa kando ya njia akihesabu malori. Lakini Yubali je? Yeye alikula nini? Maandiko yametaja jina lake na kazi yake, wala hayakutuambia kama kazi hiyo ilimlisha.

Swali hilo tuliulizwa hapa Kasaji na kijana mmoja wa kwaya yetu. Jina lake hatutalitaja kwa sasa. Kijana huyo anapiga gita la umeme, linalokula moto wa betri ya jua, na muziki aupendao ni ule wa roki, wenye gita la kunguruma, ambao amejifunza kwa kusikiliza simu yake usiku. Katika mazoezi mama wa Legio Maria huziba masikio. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, alibaki nyuma akatuambia: “Mwalimu, sitaki tena kuwa mpiga gita tu. Nataka kutunga, tena nataka kutengeneza nyimbo za watu wengine katika kompyuta, ziwe santuri kamili. Je, kuna mtu wa kwetu aliyepita njia hiyo, au ni mambo ya Wazungu?”

Sisi, kwa haraka, tulimjibu kwamba aanze kwanza kwa kufika Misani kabla ya somo la kwanza. Akacheka kidogo, akaenda zake. Jibu hilo lilikuwa jibu baya. Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta lililo bora, na tulipolipata tuliona yafaa tuliandike, maana huenda vijana wa parokia nyingine wanauliza vilevile.

Hatukwenda mbali kulitafuta. Liko Bunkeya, katika mkoa wetu huuhuu wa Lualaba.

Bunkeya ni mji wa Msiri, yule mtawala ambaye watu wake, Wayeke, walitoka upande wa Unyamwezi wakifuata shaba. Hapo mwaka 1930 alizaliwa mtoto wa ukoo wa Mwenda, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jean-Bosco Mwenda. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake Padre Yohane Bosco wa Turino alikuwa ametangazwa Mwenyeheri, na Wasalesiani, wana wake, walikuwa wamekwisha kufika Katanga tangu 1911. Basi jina hilo lilikuwa jina la wakati wake, kama vile leo wengi wanavyoitwa Yohane Paulo.

Huyo Mwenda akawa mtu wa Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mtu wa kazi za ofisini, mwenye kalamu mchana na gita jioni. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake akikusanya muziki, alimsikia akapiga breki. Siku hizo ikatiwa katika santuri kazi yake iitwayo “Masanga”, na mwaka uleule ikapewa tuzo ya Osborn kwa kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Mpigaji alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Hebu tukae kidogo na “Masanga”, maana ndipo hoja yetu ilipo. Msomaji ambaye hajaisikia na aitafute. Siku hizi si vigumu, hata simu ya mtoto itaipata. Ni gita moja tu lisilo na umeme, na mpigaji mmoja. Lakini ukifumba macho utaapa kwamba wamekaa watu wawili au watatu. Gumba linatembea juu ya nyuzi nene, taratibu, kama mzee anayejua aendako. Kidole cha shahada kinachokota nyuzi nyembamba, na hicho ni kitoto: kinatangulia, kinachelewa, kinaruka, kinarudi kumshika mzee mkono pale tu unapodhani kimepotea. Mwenda alitumia vidole hivyo viwili tu vya mkono wa kuume. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alihangaika kuyaandika mapigo hayo kwa noti, sauti moja baada ya nyingine, na maandishi yake yalichapishwa 1961 na 1962 katika jarida la muziki wa Kiafrika. Kumbe jambo lililofanywa na vidole viwili katika dakika tatu liliweza kumpa msomi kazi ya miaka.

Kwa nini dakika tatu? Kwa sababu upande mmoja wa santuri ya siku zile, ile ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, haukubeba zaidi sana ya hapo. Mpigaji wa kijijini aliyezoea kuendelea mpaka pombe iishe alilazimika kujifunza kuanza, kupanda na kumaliza kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Hilo si jambo dogo. Hapo ndipo mpiga gita anapogeuka mtungaji: anapojua kwamba wimbo una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Katika “Masanga” milango yote miwili i wazi na hakuna kitu kilichopotea njiani.

Yafaa pia tukumbuke kwa nini likawa gita. Katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, walikutana watu wa Kasai, wa Ruanda, wa Rhodesia ya Kaskazini, Waluba, Wasanga, Walunda, Wachokwe. Kila mmoja alikuwa ameacha ngoma yake kijijini, maana ngoma haipigwi na mtu mmoja: yataka waitikiaji, yataka wachezaji, yataka mama wa kupiga vigelegele. Mtu wa kambi alikuwa peke yake. Gita laweza kubebwa na mtu aliye peke yake, wala halikuwa la kabila lolote. Na Kiswahili nacho hali kadhalika. Ndiyo sababu Mwenda aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha miji ya shaba, pamoja na lugha za kwao. Alichofanya kwa vidole vyake ni kuirudisha ngoma nzima ndani ya nyuzi sita, mwitaji na waitikiaji wote pamoja.

Basi tumjibu kijana wetu sehemu ya kwanza. Yule ambaye leo vijana humwita prodyuza anafanya kazi gani? Anaamua ni sauti gani itangulie na ipi ifuate, nani anyamaze ili mwenzake asikike, besi iwe nene kiasi gani, wimbo uishe wapi. Kazi hiyo Mwenda aliifanya yote, bila kompyuta, juu ya kipande cha ubao chenye nyuzi. Mpiga gita wa Katanga hakuanza kuwa mtengenezaji alipopata mashine.

Walakini kuna kazi nyingine ya mtengenezaji, na hiyo hakuipata. Mashine ilikuwa ya Tracey, ambaye alizoea kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza karibu au mbali kama alivyoona vema. Sahani zilitoka kwa jina la Gallotone, mali ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg, na Mwenda aliitilia kampuni hiyo nyimbo nyingi sana katika miaka iliyofuata. Nyimbo zilitungwa Jadotville, zikachapwa Afrika ya Kusini, zikauzwa toka kwetu hata Nairobi. Je, msomaji haoni kwamba njia hiyo ni ileile ya shaba? Jiwe linachimbwa hapa, na waya unarudi kwetu kama kitu cha kununua.

Hatusemi haya kumlaumu Tracey. Bila yeye tusingekuwa na “Masanga”, na huenda Mwenda angebaki kuwa karani apigaye gita vizuri, ambaye wajukuu wake tu wangemsimulia. Twasema tu kwamba kusikika ni kitu kimoja, na kuwa mwenye mali ni kitu kingine.

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi akakaa kama nusu mwaka, akipiga katika redio kipindi cha kutangaza Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Binamu yake Edouard Masengo, wa kundi la Jecoke la mtaa wa Kenya kule Elisabethville, naye alikwenda huko akatangaza Coca-Cola. Wako watakaosema ni aibu, msanii wa namna ile kuimbia vidonge. Sisi hatuoni hivyo. Mtakatifu Paulo alishona mahema. Afadhali gita liuze dawa ya kichwa kuliko kuuza vitu vya kuumiza kichwa, na twajua nyimbo za siku hizi zinavyouza bia. Tena kwa redio hiyo vijana wengi wa Kenya walisikia vidole viwili vikifanya kazi, nao wakaanza kuiga. Mbegu ya Bunkeya iliota Nairobi.

Na huko Nairobi nako palikuwa na habari ya kufundisha. Fadhili William, mpiga gita na mwimbaji, aliutia wimbo “Malaika” katika santuri na kundi lake la Jambo Boys, na sauti yake ikazunguka dunia. Mpaka alipokufa mwaka 2001 ugomvi ulikuwa haujaisha juu ya nani aliyeutunga, maana wengine walisema ni Adam Salim, tangu miaka ya arobaini. Sisi hatuwezi kuamua shauri hilo. Tunachoona ni kwamba wimbo ambao karibu kila arusi ya Afrika Mashariki imeuimba haukuwa na karatasi moja ya kwanza yenye jina na tarehe ambayo pande zote zingeikubali.

Turudi kwa Mwenda. Alialikwa Marekani 1969, katika tamasha la Newport. Kisha ikaja siasa ya “authenticité”. Kongo ikawa Zaire mwezi wa Oktoba 1971, na mwanzoni mwa 1972 majina ya Ubatizo yakakatazwa katika vitabu vya serikali. Wasomaji wetu wazee wanakumbuka taabu ya Kardinali Malula katika siku zile. Jean-Bosco naye akawa Mwenda wa Bayeke. Katika santuri zake za zamani limebaki jina la Mtakatifu wa vijana. Katika za baadaye hulioni. Twakiri kwamba jina la pili lina utukufu wake, maana lamrudisha kwa watu wake wa Bunkeya. Lakini mtu anayefungua duka la santuri akitafuta kazi za mtu huyo mmoja hana budi kujua majina mawili, na mara nyingi muuzaji halijui ila moja.

Katika miaka hiyo alikuwa na bendi ya magita ya umeme iliyoitwa Super Shaba, na alikuwa na hoteli Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Tazameni basi. Mtu huyu hakukosa akili ya biashara. Aliweza kuendesha hoteli. Angeweza pia kuendesha nyumba ya kutengeneza santuri kama ingekuwako Likasi au Kolwezi. Haikuwako. Vyumba vya kurekodia vilikuwa Léopoldville, safari ya siku nyingi kwa treni na meli.

Kule Léopoldville ndiko tunakoona jinsi njia hiyo inavyoweza kukamilika. Mpiga gita Henri Bowane, ambaye pamoja na Wendo alitoa “Marie-Louise” mwaka 1948, alihamia nyumba ya Loningisa akawa ndiye achaguaye wapigaji na kupanga kazi zao. (Husimuliwa kwamba watu walisema wimbo huo ukipigwa usiku wa manane wafu huamka, na kwamba mapadre walikasirika. Sisi tumeupiga mara nyingi usiku, na hata jirani hakuamka.) Mwaka 1953 Bowane alimkaribisha Loningisa kijana mmoja mwembamba, François Luambo, yaani Franco. Huyo alianza akiwa mpiga gita, akawa mtungaji, akawa mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, na mnamo 1968 akaanzisha Editions Populaires, nyumba yake mwenyewe ya kutolea santuri. Hapo duara limefungwa: mkono upigao, kichwa kitungacho na jina lililo juu ya sahani, vyote vya mtu mmoja.

Je, muziki wake ukawa bora kwa sababu hiyo? Twadhani ukawa mrefu zaidi na huru zaidi. Hakuna mwenye mashine aliyemwambia dakika zimekwisha. “Mario” ya 1985 inamchukua kijana mvivu anayelishwa na mwanamke mwenye fedha, inamkalisha barazani na kumsema pole pole mpaka msikilizaji mwenyewe anaona haya. “Attention na Sida” ya 1987 iliwatangazia watu hatari ya Ukimwi wakati ambapo wengi, hata makanisani, walikuwa wakinong'ona tu. Lakini mtu huyohuyo alitiwa gerezani 1978 kwa nyimbo chafu, na ukizisikia hutasema walimwonea. Uhuru wa mwenye nyumba wampa nafasi ya kusema yote aliyo nayo moyoni, na moyo wa Franco ulikuwa na vyumba vingi. Kwa habari ya vidole tunamweka Mwenda mbele. Kwa habari ya kujua kwamba wimbo ni shamba, na kwamba shamba lataka hati, Franco ni mwalimu wa wote.

Lakini kijana wetu anapenda roki, na ataona tunamtajia wazee wa rumba. Haya, na atazame ng'ambo ya mpaka. Ukanda huu wa shaba hauishii kwetu. Waendelea Zambia, Chingola, Kitwe, Ndola. Huko katika miaka ya sabini vijana waliosikia roki ya Uingereza na Marekani walichukua magita ya umeme wakafanya roki yao wenyewe. Rikki Ililonga alikuwa mpiga gita wa kundi la Musi-O-Tunya, lililotoa “Wings of Africa” mwaka 1975. Mwaka huohuo alitoa santuri ya jina lake mwenyewe, “Zambia”, na 1976 “Sunshine Love”. Zisikilize zikifuatana. Katika ile ya kundi gita lake linagombea nafasi na tarumbeta na ngoma, na mara nyingine fujo inashinda. Katika zake mwenyewe anajua kunyamaza. Huyo ndiye mpiga gita aliyekwisha kuwa mtungaji: haogopi tena kwamba akiacha kupiga watu watamsahau. Tungependa kijana wetu asikilize hapo hasa, maana ndipo penye ugonjwa wake.

Paul Ngozi na kundi lake, Ngozi Family, waliimba kwa Kinyanja na Kiingereza taabu za mitaa ya maskini, kwa gita kali kama msumeno. Na kundi maarufu kuliko yote lilijiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya mchawi, jambo ambalo katika parokia yetu lingelifanya likose hata jukwaa la arusi. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, kaseti za wizi zikajaa masokoni, na baadaye Ukimwi ukapita. Katika wanamuziki wa kwanza wa kundi hilo amebaki mwimbaji Emmanuel Chanda peke yake, ambaye kwa miaka mingi alijitafutia riziki kwa kuchimba vito. Tubal-Kaini tena! Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya santuri zao zote, naye mzee akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya, na 2023 ikatoka kazi mpya, “Zango”. Twafurahi kwa ajili yake. Twawasikitikia wenzake, ambao magita yao yanauzwa leo kwa bei ambayo hawakuiona walipokuwa hai.

Sasa twaingia nyumbani kwetu, yaani kanisani, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Tarehe 23 Machi 1958, misioni ya Kamina, kwa mara ya kwanza iliimbwa Missa Luba. Wakatoliki wa dunia nzima waijua, na hata wasio Wakatoliki, maana Sanctus yake ilitiwa katika filamu ya Kiingereza ya 1968. Waliimba wavulana na walimu wa Kamina, wakiongozwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko. Kyrie yake imefuata kasala, maombolezo ya Kiluba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Sehemu kubwa haikuandikwa kwa noti: waimbaji waliitunga papo hapo, huyu akiitikia alichokizua yule. Kazi ya Padre Haazen ilikuwa kubwa, wala hatumpunguzii sifa. Lakini muulize mtu yeyote leo, Missa Luba ni ya nani? Atataja Haazen. Mwombe sasa ataje jina la mwimbaji mmoja tu aliyeipa Sanctus ile sauti yake. Atanyamaza, kama sisi tunavyonyamaza. Na Joseph Kiwele, aliyesoma seminari akafundisha muziki Elisabethville na kutunga Missa Katanga, ni wangapi katika kwaya zetu wamjuao? Kamina na Lubumbashi si mbali.

Sisi tuliosoma seminari kidogo tunajua jibu tunalolitoa kwa urahisi: wimbo wa kanisa ni wa Mungu, mtungaji asitafute sifa. Tulilitoa jibu hilo sisi wenyewe. Kabla ya Noeli moja kwaya yetu ilikwenda Kolwezi kutia nyimbo sita katika mashine. Wimbo wa nne, ule watoto wanaouimba mpaka sasa wakichota maji, aliutunga kijana yuleyule wa gita la umeme, maneno na sauti. Tena ndiye aliyekaa karibu na fundi usiku kucha akimwambia hapa punguza ngoma, hapa wape akina mama nafasi. Karatasi ya majina tuliiandika sisi kwa mkono wetu. Tuliandika jina la parokia, jina la kwaya, jina la mwalimu wa kwaya, na jina letu kuwa msimamizi. La kwake halikuwamo. Kadi za simu zenye nyimbo hizo ziliuzwa sokoni hapa, hata katika stesheni kwa wasafiri wa Dilolo, na hakuna aliyejua.

Hakulalamika. Alikuja tu kuuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyepita njia hiyo, nasi tukamwambia habari ya kuchelewa Misa.

Mwaka 1988 Mwenda wa Bayeke, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alitia nyimbo zake upya katika chumba cha kisasa huko Cape Town. Sauti ni safi kupita zote za zamani; unasikia hata kucha juu ya uzi. Tumezilinganisha na zile za 1952. Mkono wa mzee una utulivu ambao kijana hakuwa nao, na katika nyimbo za kuimba tunampenda zaidi mzee, maana sasa anamaliza hadithi yake, ambapo kijana mara nyingine aliiacha njiani gita lilipokuwa tamu. Lakini “Masanga” twaichagua ya kijana, na mikwaruzo yake yote. Septemba 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari, Zambia. Kazi ile ya Cape Town ilitolewa Marekani miaka minne baadaye. Gita lake lilikuwa la kwake. Sahani yake ya mwisho ilitolewa, kama ile ya kwanza, katika nchi ya wengine.

Tumenunua daftari la kurasa mia. Ukurasa wa kwanza tumeandika wimbo wa nne wa Noeli, jina la mtungaji, jina la aliyepanga sauti, ambayo ni jina lilelile, na tarehe. Padre ametia sahihi na muhuri wa parokia. Karatasi ya Kolwezi nayo tumeomba irekebishwe. Bado tunangoja jibu.

Kijana alileta Jumamosi iliyopita wimbo mpya, wa Kwaresima, alioutengeneza wote katika kompyuta ya kuazima. Beti la kwanza ni zuri sana. La pili limefunikwa na gita, maneno hayasikiki, na neno “msalaba” linaangukia mahali ambapo ngoma inapasuka, hivi kwamba mtu husikia “sala” peke yake. Tulimwambia hivyo. Akasema atapunguza gita. Tukamwambia asilipunguze: alinyamazishe kabisa kwa mistari minne, kisha alirudishe. Amesema atajaribu, na kwamba Ililonga amemsikia, naye hakupenda sana.